Haibiskasi Chumbani, Hita Ikiwaka

Kwenye ua wa shule mjini Tanga au kando ya njia Kisauni, haibiskasi haimsumbui mtu. Hukatwa kwa panga na kuchipua upya, hukosa mvua wiki kadhaa na bado ikatoa maua mekundu. Kwa hiyo mtu aliyekulia Pwani anapohamia Minneapolis na kununua mmea huohuo dukani mwezi Juni, hatarajii taabu. Kiangazi chote unachanua barazani. Mwishoni mwa Septemba, kabla ya baridi kali, anauingiza sebuleni. Kufika Desemba, matumba yanageuka manjano kwenye kikonyo na kuanguka kabla hayajafunguka, majani ya chini nayo yanafuata.

Wengi wakiona hivyo hushika chupa ya kupulizia maji. Majani yanapuliziwa asubuhi na jioni, na matumba yanazidi kupukutika. Juhudi zinaelekezwa kusiko, kwa sababu unyevu ni shauri la chumba kizima. Jani hupokea tu hali ya hewa inayolizunguka, na hewa hiyo isipobadilika, matone ya maji juu ya jani hayabadilishi kitu.

Kabla ya yote ni vizuri kuhakikisha mambo mawili. Kwanza, ua la haibiskasi kwa kawaida huishi siku moja, pengine mbili, kisha hujikunja na kudondoka. Huo ndio mwisho wake wa kawaida na si ugonjwa. Cha kutia wasiwasi ni tumba linaloanguka likiwa bado limefumba. Pili, si kila haibiskasi inastahili kuingizwa ndani. Maduka ya Marekani na Kanada huuza pia aina za nchi za baridi, kama Hibiscus moscheutos na Hibiscus syriacus, ambazo hupukutisha majani, zikalala nje chini ya theluji na kuamka zenyewe. Hizo zikiingizwa sebuleni zinanyimwa usingizi wao. Inayozungumziwa hapa ni ile ya nchi za joto, Hibiscus rosa-sinensis, yenye majani ya kijani kibichi yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Linnaeus aliipa jina hilo mwaka 1753. Iko kwenye ukoo mmoja na pamba, bamia na mbuyu. Ina ndugu yake wa damu kabisa, Hibiscus schizopetalus, yule mwenye maua yanayoning'inia na petali zilizochanikachanika, ambaye asili yake ni misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Mmea wa namna hiyo umezoea hewa nzito yenye unyevu.

Sasa sebule ya Minneapolis ina nini? Hesabu yake si ngumu. Hewa yenye joto la nyuzi 21 za Selsiasi inaweza kubeba takriban gramu 18 za mvuke wa maji katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi sifuri haiwezi kubeba hata gramu 5. Ikifika nyuzi 10 chini ya sifuri, uwezo wake ni gramu 2 na ushei tu. Wastani wa Januari katika mji huo ni kama nyuzi 9 chini ya sifuri, na hewa hiyohiyo ndiyo inayopenya kwenye nyufa za milango na madirisha, kisha hita ikaipasha moto. Mvuke haukuongezeka hata chembe, ila uwezo wa hewa kuubeba umepanda mara saba au nane. Hata kama huko nje hewa ilikuwa imeshiba mvuke kabisa, ikishapashwa hadi nyuzi 21 inabaki na unyevu wa asilimia 12 au 13. Mapishi, bafu na pumzi za watu huinua kiwango hicho kidogo, mara nyingi hadi asilimia 20 hivi. Dar es Salaam hewa ya namna hiyo haijulikani kabisa.

Jani la haibiskasi lina vitundu vidogo, vingi vikiwa upande wa chini, ambavyo hufunguka kuingiza hewa na wakati huohuo hupoteza maji. Hewa ikiwa kavu, hunyonya maji hayo kwa nguvu. Mizizi inajitahidi kupandisha mengine, lakini ndani ya chungu kidogo kilichowekwa dirishani penye ubaridi haiwezi kwenda na kasi hiyo. Mmea unafunga vitundu, chakula kinapungua, na ukuaji unasimama. Ukikosa cha kugawa, mmea huanza kupunguza matumizi kwenye matumba, kwa kuwa ndiyo yanayokula zaidi na ndiyo usiyoyahitaji ili uishi. Majani makongwe yanafuata.

Ukweli ni kwamba hewa kavu haifanyi kazi hiyo peke yake. Mchana mfupi kuliko yote wa Desemba mjini Minneapolis hautimii saa 9, na London hautimii hata 8. Mmea uliotoka barazani penye jua la kutwa, ukaingia kwenye kona ya sebule, utaangusha matumba hata ukiwekwa kwenye chumba chenye unyevu wa Zanzibar. Kwa hiyo mahali pa kwanza pa haibiskasi ni dirisha linalotazama kusini, kwa wale wanaoishi kaskazini mwa dunia, au chini ya taa ya LED inayowaka saa 12 hadi 14 kwa siku. Unyevu husaidia mmea uliopata mwanga. Ulio gizani haunufaiki nao.

Baada ya mwanga, kinachofuata ni kupima. Kipimaunyevu kidogo cha dijitali huuzwa kwa bei ya chakula cha mchana, na bila hicho mtu anabahatisha tu. Vile vya bei nafuu huweza kukosea kwa asilimia kadhaa, lakini vinaweza kukaguliwa kwa chumvi ya mezani. Chumvi hutiwa kwenye kifuniko cha chupa, ikadondoshewa maji machache hadi iwe ujiuji bila kuyeyuka yote. Kifuniko hicho na kipimo huwekwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, vikakaa humo usiku kucha. Hewa ndani ya mfuko hutulia kwenye asilimia 75, kwa sababu hivyo ndivyo chumvi ya kawaida inavyotenda. Kipimo kikionyesha 70, mwenye nacho anajua kwamba kila mara aongeze 5. Kisha kiwekwe kwenye urefu wa majani ya mmea, kisigusane na kioo cha dirisha wala kisiwe juu ya hita, na kisomwe asubuhi na usiku kwa siku kadhaa kabla ya kununua mashine yoyote.

Namba ya kulenga ni ipi? Waandishi wengi wa vitabu vya bustani hutaja asilimia 50 na kuendelea. Hilo ni sawa kwa banda la vioo. Nyumba wanamoishi watu ina mipaka mingine. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, hushauri unyevu wa nyumba ukae chini ya asilimia 60, na ikiwezekana kati ya 30 na 50. Haibiskasi huvumilia 35 na hufurahi ikipata 45. Hakuna sababu ya kuipandisha zaidi ya hapo wakati wa baridi, tena kuna sababu nzito ya kutoipandisha. Hewa yenye mvuke mwingi ikigusa kioo baridi huacha maji, na maji hayo yakikaa kwenye mbao za dirisha na pembe za ukuta huzaa kuvu. Kwa hiyo dirisha ndilo hakimu. Likianza kutiririka maji asubuhi, unyevu umezidi kwa nyumba hiyo, hata kama kipimo kinasema 38.

Jambo hili si la mzaha, hasa Uingereza, ambako mambo yamegeuka kichwa chini. Baridi ya London si kali kama ya Minneapolis, nyumba nyingi za kupanga ni ndogo, madirisha hufungwa, nguo hukaushwa ndani. Huko tatizo la kawaida ni unyevu kuzidi. Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Rochdale, na mwaka 2022 mchunguzi wa vifo alithibitisha kwamba chanzo kilikuwa kuvu ndani ya nyumba yao. Sheria iliyobeba jina lake ilianza kutumika England Oktoba 2025, ikiwabana wamiliki wa nyumba za umma na za mashirika ya makazi washughulikie kuvu kwa haraka. Anayeishi kwenye nyumba yenye madoa meusi ukutani hana haja ya mashine ya kutia unyevu. Haibiskasi yake ikiangusha matumba, atafute sababu kwingine: mwanga hafifu, maji mengi kwenye chungu, au wadudu.

Turudi kwenye chumba kikavu, na kwenye ile chupa ya kupulizia. Chukua chumba cha mita 4 kwa 4, chenye dari la mita 2 na nusu. Ni mita 40 za ujazo. Kuinua unyevu wake kutoka asilimia 20 hadi 40 kwenye joto la nyuzi 21 kunahitaji takriban gramu 146 za maji, yaani chini ya kikombe kimoja cha chai. Mtu anaweza kudhani kazi imekwisha. Lakini chumba hakijazibwa. Nusu tu ya hewa yake ikibadilishwa kila saa, jambo la kawaida kwa nyumba nyingi, gramu 73 hutoroka kwa saa hiyo na lazima zirudishwe. Kwa siku nzima hizo ni karibu lita 1.8. Mipulizo michache ya chupa hutoa kijiko au viwili, na vyote vimekauka baada ya muda mfupi. Kibaya zaidi, jani linalolala limelowa, kwenye chumba kisicho na upepo, ni kitanda kizuri cha magonjwa ya madoa.

Sinia la kokoto nalo limesifiwa kupita kiasi. Chungu huwekwa juu ya kokoto zilizo kwenye sinia la maji, na mvuke unaotoka hapo unatazamiwa kuufunika mmea. Mvuke upo kweli, ila ni kidogo na husambaa chumba kizima kabla haujafika kwenye matawi ya juu. Mwenye nalo aendelee nalo, maana angalau linazuia chungu kukaa ndani ya maji yanayochuruzika. Asilitegemee tu.

Kinachofanya kazi zaidi hakigharimu kitu: kupunguza moto wa hita. Hewa yenye unyevu wa asilimia 20 kwenye nyuzi 24 hupanda hadi karibu 27 chumba kikishushwa hadi nyuzi 19, bila tone la maji kuongezwa. Watu wa Pwani hupenda nyumba iwe na joto la kwao, na nani atawalaumu, lakini haibiskasi haihitaji nyuzi 24 usiku. Nyuzi 16 hadi 21 zinaitosha. Hatari inaanza joto linaposhuka chini ya 10, na hilo linaweza kutokea nyuma ya pazia lililofungwa, mmea ukiwa umebanwa kati ya kitambaa na kioo. Pazia lipite nyuma ya mmea.

Hatua nyingine ni kuusogeza mmea mbali na hita yenyewe na matundu yanayopuliza hewa ya moto. Mita moja na nusu au mbili huleta tofauti kubwa. Baadhi ya nyumba za zamani zina hita iliyofungwa chini kabisa ya dirisha la kusini, yaani mahali penye mwanga bora ndipo penye hewa mbaya kuliko zote. Hapo ubao mpana juu ya hita, unaotokeza kuelekea ndani, utausukuma upepo wa moto mbele badala ya kuupandisha moja kwa moja kwenye majani. Mimea ikiwekwa pamoja nayo hupeana mvuke kidogo, na chumba kidogo chenye mlango unaofungwa hutunza unyevu kuliko sebule iliyoungana na ngazi na jiko.

Kisha kuna nguo. Fungu moja la nguo likitoka kwenye mashine ya kufulia, hata likiwa limekamuliwa, bado linaweza kubeba kama lita mbili za maji. Linganisha na zile lita 1.8. Kanga na mashuka vikitandazwa kwenye kianikio ndani ya chumba cha mmea siku za baridi kavu, kazi ya mashine inafanyika bure. Dawa hiihii iliyo sumu kwenye nyumba yenye kuvu Manchester ni tiba Minneapolis. Ndiyo maana kipimo huja kabla ya dawa.

Mahali ambapo haya yote hayatoshi, mashine ya kutia unyevu inahitajika. Ziko za aina mbili zinazouzwa sana. Moja ina utambi na feni: maji hupanda kwenye utambi, feni ikayapitishia hewa, na kinachotoka ni mvuke usioonekana. Nyingine hutikisa maji kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika na kutoa wingu jeupe linalopendeza macho. Hiyo ya pili ni kimya zaidi, lakini kila kilichomo kwenye maji kinarushwa hewani, chokaa ikiwemo, na baada ya wiki meza, televisheni na majani huwa yamepakwa vumbi jeupe. Inataka maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvichumvi. Kwa nyumba yenye watoto au mtu mwenye pumu, ile ya utambi ndiyo chaguo la busara. Zote mbili zimwagwe maji kila siku na kusuguliwa kila baada ya siku tatu hivi, kwani tangi lisilosafishwa hupulizia bakteria na kuvu kwa familia nzima. Wingu lisielekezwe kwenye mmea wala ukutani. Liachwe lijichanganye na hewa katikati ya chumba. Anayetaka kuwa makini achomeke mashine kwenye swichi inayojizima yenyewe unyevu ukifika kiwango alichoweka.

Kwa mmea mdogo uliodhoofika, au kwa kijiti kilichokatwa ili kioteshwe, kuna njia ya zamani zaidi. Nathaniel Bagshaw Ward, daktari wa London, aligundua mnamo 1829 kwamba mimea midogo huendelea vizuri ndani ya chupa iliyofungwa, ikinywa tena na tena maji yaleyale. Mwaka 1842 alichapisha kitabu kuhusu masanduku yake ya vioo, na masanduku hayo yalisafirisha miche kupitia bahari zote. Mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, ukishikiliwa na vijiti visiguse majani na ukafunguliwa dakika chache kila siku, ni sanduku la Ward la bei ya bure. Usiachwe kwenye jua kali, la sivyo mmea utaiva.

Kuna kosa linaloua haibiskasi nyingi kuliko hewa kavu yenyewe, nalo huzaliwa na huruma. Mtu akishajua kwamba hewa inaunyonya mmea, humwagia chungu maji kila siku. Lakini maji kwenye udongo hayageuzi hali ya hewa ya chumba, na wakati wa baridi, mwanga ukiwa mchache, mizizi inakunywa polepole. Udongo unaokaa umelowa unakosa hewa, mizizi inaoza, na mmea wenye mizizi iliyooza huonekana kama wenye kiu: majani yanalegea, yanageuka manjano, matumba yanaanguka. Mwenye mmea anaona kiu, anaongeza maji. Dawa ni kidole. Kiingie sentimita mbili au tatu kwenye udongo, na pakiwa pakavu ndipo maji ya uvuguvugu yamwagwe hadi yatoke chini, kisha yale ya kwenye sahani yamwagwe baada ya nusu saa.

Hewa kavu na yenye joto ina mgeni wake maalumu: utitiri mwekundu, kadudu kadogo kama punje ya chumvi, wa jamii ya buibui. Penye joto jingi kizazi kizima hukomaa kwa wiki moja. Jani huonyesha vidoti vya rangi ya manjano, na upande wake wa chini utando mwembamba. Karatasi nyeupe ikishikwa chini ya tawi na tawi likagongwa, vumbi linaloanguka likianza kutembea, jibu limepatikana. Mmea upelekwe bafuni, udongo ufunikwe kwa mfuko, na majani yaoshwe kwa maji ya vuguvugu hasa upande wa chini. Baadaye ipigwe sabuni ya kuulia wadudu ya maduka ya bustani, irudiwe mara moja kwa wiki kwa wiki tatu, kwa kuwa mayai hayafi kwa mpigo mmoja. Sabuni ya vyombo iachwe jikoni, inaweza kuunguza majani. Unyevu wa asilimia 45 hauui utitiri, ila unawapunguzia kasi.

Msomaji wa Muscat au Dubai atasema hadithi ya hita haimhusu. Kwake kinachokausha hewa ni kiyoyozi. Mashine hiyo hupoza hewa hadi mvuke ugeuke maji, na ndiyo yale yanayodondoka nje ukutani mchana kutwa. Hata hivyo hewa ya chumba cha kiyoyozi katika miji ya pwani mara nyingi inabaki kwenye kiwango ambacho haibiskasi inakimudu. Kinachoiumiza ni upepo baridi unaoipiga moja kwa moja, na mshtuko wa kutolewa kibarazani kwenye nyuzi 42 hadi chumbani kwenye 20. Suluhisho ni kuihamisha kutoka kwenye njia ya upepo huo, si kununua mashine. Ofisi za Dar es Salaam zenye vyungu chini ya kiyoyozi zinahitaji ushauri huohuo. Maji yanayokingwa kwa ndoo chini ya kiyoyozi hayana chokaa na yanafaa kumwagilia, lakini yasitiwe kwenye mashine ya kutia unyevu, kwa sababu yamepita kwenye mabomba yenye uchafu.

Kwa wa Minneapolis, kazi hupungua kuanzia Machi. Siku zinarefuka, na huo ndio wakati wa kupunguza matawi kwa theluthi moja, kwani maua ya haibiskasi hutokea kwenye machipukizi mapya. Unyevu wa ndani hupanda wenyewe kadiri hita inavyozimwa, na kipimo kikisoma 40 siku kadhaa mfululizo bila msaada, mashine imwagwe maji, isuguliwe, ikaushwe kabisa na kufungiwa kabatini. Mmea usubiri hadi usiku uache kushuka chini ya nyuzi 10, jambo ambalo kwa mji huo huwa mwishoni mwa Mei. Wiki ya kwanza nje ukae kivulini, ya pili upate jua la asubuhi tu, ndipo urudi mahali pake barazani. Majani machache yataanguka katika hatua hiyo nayo. Yaokotwe na kutupwa, kumwagilia kuendelee kwa kidole kilekile, na matumba mapya yatahesabika kuanzia Juni.